Unguja: Chagua ufukwe kwa mwezi, si kwa picha

Na Mwandishi Wetu, Unguja

Mfanyabiashara anayetoka Goma, Bujumbura, Kigali au Kampala kuja kufunga mzigo Kariakoo anaijua vizuri ile siku isiyo na kazi. Fedha zimeshalipwa, bidhaa zinasubiri lori, na wakala wa forodha anasema karatasi zitatoka keshokutwa. Kurudi nyumbani ni hasara. Kukaa gesti ukitazama dari nako ni hasara. Na ng'ambo ya bahari, mwendo wa takriban saa mbili kwa boti ya kasi kutoka Dar es Salaam, kuna kisiwa ambacho watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kukiona.

Wengi huvuka. Wapo wanaokwenda Darajani kutafuta bidhaa, na wapo wanaotaka tu kuloweka miguu kabla ya safari ndefu ya kurudi Mutukula, Rusumo au Namanga. Shida huanza pale wanapochagua ufukwe kwa picha waliyotumiwa kwenye simu. Mtu analipa boti, anapanda daladala hadi upande wa pili wa kisiwa, anafika akiwa na taulo begani, na bahari haipo. Imerudi nyuma hadi kwenye mwamba, kilomita nzima au zaidi, na mbele yake ni mchanga ulolowa, majani ya bahari na akina mama wanaofunga mwani. Picha haikudanganya, ila ilipigwa saa nyingine.

Kwa mwenye siku moja au mbili tu, kosa hilo linakula siku nzima na nauli yake. Makala haya yanaeleza namna ya kulikwepa.

Anza na mwezi

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na pwani zake hazifanani. Kinachozitofautisha zaidi ni maji kujaa na kupwa. Hapa tofauti kati ya maji ya juu na ya chini inaweza kufika mita nne wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Wavuvi hawahitaji kitabu kwa hesabu hii, na hata wewe huhitaji. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya Unguja hujaa kama saa kumi alasiri (na kama saa kumi alfajiri), kisha hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji hujaa kama saa nne asubuhi na kupwa kama saa kumi alasiri.

Sasa piga hesabu ya safari. Ukipanda boti ya asubuhi mapema na kuunganisha daladala, utafika pwani ya mashariki karibu na saa tano au saa sita. Kama mwezi ni nusu, utakuta maji yamejaa. Kama ni mpevu, utakuta yamekauka, na itabidi usubiri hadi alasiri. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, tazama juu usiku uliotangulia.

Kaskazini: Nungwi na Kendwa

Kwa mwenye siku moja tu, asiyetaka hesabu za mwezi, jibu ni kaskazini. Nungwi iko kwenye ncha ya kisiwa, kilomita 60 hivi kutoka mjini, na daladala zake zina namba 116. Upande wa magharibi wa kijiji, kuelekea Kendwa, ufuo una kina kizuri karibu saa zote. Maji yakipwa, unaongeza hatua chache tu, unaogelea. Upande wa mashariki wa Nungwi, kinyume chake, maji hurudi nyuma kama kwingineko, kwa hiyo usishuke popote ukidhani umefika.

Kendwa iko kilomita chache kusini mwa Nungwi, nayo inatazama machweo. Mchanga wake ni mpana na maji yake yametulia zaidi. Usiku wa karibu na mwezi mpevu kuna muziki hadi alfajiri. Anayetaka kulala achague siku nyingine.

Nungwi ina jambo jingine ambalo mtu wa biashara atalipenda. Ni kijiji cha mafundi wa majahazi. Bado utawaona wakichonga mbao kwa mkono ufukweni, chini ya miti, vyombo ambavyo vizazi vilivyotangulia vilitumia kubeba mikoko, chumvi na karafuu kati ya pwani hii na Uarabuni. Kabla ya lori na kontena, biashara ya kuvuka mipaka ilifanywa na vyombo vya namna hiyo.

Gharama ya kaskazini ni umati. Hoteli ni nyingi, bei ya chakula ni ya watalii, na papasi, vijana wanaowinda wageni kwa ajili ya teksi na safari za boti, hawachoki. Jibu moja la adabu, "ahsante, sihitaji", likirudiwa bila hasira, hutosha.

Mashariki: uzuri wenye saa zake

Kuanzia Matemwe, kupitia Pwani Mchangani, Kiwengwa na Uroa, hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ni mkanda wa mchanga mweupe unaokingwa na mwamba wa matumbawe. Hii ndiyo pwani ya picha za simu. Ndiyo pia pwani inayoadhibu asiyejua saa.

Paje ndiyo yenye shughuli nyingi. Upepo wake wa miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, na wa kaskazi, Desemba hadi Februari, huwavuta wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Ukitaka kuogelea kwa utulivu, jisogeze mbele hadi Jambiani, daladala namba 309, au rudi nyuma hadi Bwejuu, namba 324. Vijiji hivi bado ni vijiji: watoto wanatoka madrasa, mitumbwi ya ngalawa imelazwa mchangani, na gesti za wenyeji zina bei inayozungumzika.

Maji yakipwa usikasirike, vaa viatu vya mpira utembee. Utaona mashamba ya mwani: vijiti vimesimikwa, kamba zimefungwa, mimea imening'inia. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa baadhi yao zilikuwa fedha za kwanza walizozipata kwa jina lao wenyewe. Lakini bei ya mwani mkavu ni ndogo, na maji yanayozidi kupata joto yameidhoofisha aina ile inayolipa vizuri zaidi. Ndiyo maana baadhi ya vikundi vimehamia kwenye kusaga mwani na kutengeneza sabuni na mafuta. Pita kando ya kamba, usizikanyage, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mwanamke aliye ndani ya maji ya kiunoni yuko kazini, kama wewe ulivyo kazini ukipanga marobota.

Viatu vina sababu nyingine. Kati ya ufuo na mwamba kuna viumbe wenye miba mirefu myeusi inayokatikia mguuni. Na usitembee hadi mwambani bila kujua saa ya maji kugeuka, kwani hurudi kimyakimya na kujaza mifereji nyuma yako. Fukwe nyingi za vijijini hazina waokoaji. Aliyejifunza kuogelea Ziwa Kivu au Victoria asiipime bahari yenye mkondo kwa kipimo cha ziwa.

Matemwe inafaa kwa anayetaka kuona samaki. Mbele yake iko Mnemba, kisiwa kidogo chenye matumbawe yanayozungukwa na samaki wa kila rangi. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli ya kifahari na hushuki, lakini boti hukupeleka kwenye maji yanayokizunguka. Eneo hilo limehifadhiwa na lina ada, kwa hiyo uliza mapema kama bei uliyotajiwa imeijumuisha.

Kusini na karibu na mji

Kizimkazi, kusini magharibi, ina pomboo na msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, miongoni mwa ya kale zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ndiko pia anakotoka Rais Samia Suluhu Hassan. Pomboo huonekana asubuhi, lakini chagua nahodha asiyewakimbiza. Boti kumi zikimzunguka mnyama mmoja, huo si utalii tena.

Kama huna muda wa kutoka mjini, usiogelee mbele ya Mji Mkongwe. Hayo ni maji ya bandari. Kodi boti uende Nakupenda, fungu la mchanga lililo karibu na kisiwa cha Changuu, penye kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli. Hapa hesabu ya mwezi inageuka: fungu hili huibuka maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Siku za mwezi mpevu, zile zinazomnyima mtu wa Paje bahari ya asubuhi, ndizo zinazompa mtu wa Nakupenda mchanga wake saa nne.

Kwa kifupi: mwezi nusu, nenda mashariki asubuhi. Mwezi mpevu au mwandamo, nenda Nakupenda asubuhi, au mashariki alasiri ulale huko. Siku yoyote, Kendwa na Nungwi magharibi.

Epuka Aprili na Mei ukiweza; masika hunyesha siku nzima. Miezi ya kusi bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huchafuka, kwa hiyo mwenye tumbo jepesi akae nyuma ya boti, sehemu ya chini.

Makaratasi na mfuko

Beba pasipoti, maana wasafiri hukaguliwa bandarini Malindi hata wakitoka Tanzania Bara. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Tangu Oktoba 1, 2024 Zanzibar ina bima ya lazima kwa wageni kutoka nje, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44. Thibitisha kabla ya safari jinsi inavyomhusu raia wa nchi yako, ili isije ikakukuta getini. Tiketi nunua kwenye dirisha la kampuni ya boti, si kwa anayekukimbilia barabarani.

Lipa kwa shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinataka bei za bidhaa na huduma ndani ya Tanzania zitajwe kwa shilingi, kwa hiyo anayekutajia dola kwa sahani ya samaki muombe bei ya nchi. Ukizungumza Kiswahili, hata cha Bukavu au cha Kampala, bei mara nyingi hushuka yenyewe.

Na kama sabuni ya mwani au viungo vimekushawishi kufungua biashara mpya, kumbuka utaratibu unaoujua mipakani: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili. Runinga ya Darajani haimo humo. Itakaguliwa ikishushwa Dar es Salaam, na ushuru wake unaweza kuimaliza faida.

Mwisho ni heshima. Vijiji vya pwani ni vya Waislamu. Nguo ya kuogelea inaishia mchangani. Ukiingia kijijini au dukani jifunge kanga au vaa shati. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Salimia kwanza, uliza bei baadaye. Haya hayahitaji mwongozo kwa mtu aliyezoea kuvuka mipaka: kila mpaka una adabu yake, na anayeijua ndiye anayepita haraka.

Mzigo utatoka keshokutwa. Leo usiku tazama mwezi, kesho asubuhi panda boti.