Programu inajifunga yenyewe kwenye Ubuntu ya zamani: usikimbilie kuformata mashini

Unaandika kazi ya mwisho wa masomo kwenye mashini ya sekretarieti. Umeshafika ukurasa wa hamsini. Mara LibreOffice inajifunga yenyewe. Unafungua tena, inajifunga tena. Fundi anakuambia: «Tuformate tu.» Akiformata bila kutoa kazi yako kwanza, miezi yako yote imeenda bure.

Kuna mashini za mtumba ambazo zinatembea bado na Ubuntu 18.04. Ilitoka Aprili 2018, na masasisho yake ya kawaida yalikoma 2023. Lakini uzee peke yake si sababu ya kufuta kila kitu. Mara nyingi programu inasema shida yake, ila inasemea fasi ambayo hatuangalii.

Kwanza nakili kazi yako kwenye flashi. Kisha bonyeza Ctrl, Alt na T pamoja: linafunguka dirisha la terminali. Andika libreoffice, bonyeza Enter, halafu fanya kazi mpaka programu ianguke. Rudi kwenye terminali usome mistari ya mwisho. Njo pale shida inaandikwa.

Ukisoma «Killed», ao terminali ikinyamaza. Andika dmesg, utafute mwishoni maneno «Out of memory». Maana yake RAM ilijaa, na mfumo wenyewe ukaua programu ili mashini isikwame. Andika free -h uone RAM iliyobaki. Funga Firefox na kurasa zake zote, ndipo uandike. Kama mashini ina RAM ya giga 2 tu, mwambie fundi aongeze swap, ni kusema sehemu ya diski inayosaidia RAM.

Ukisoma «Segmentation fault» ao «Signal 11». Programu iligusa sehemu ya RAM isiyo yake. Mara nyingine ni nyongeza ao mipangilio iliyoharibika. Jaribu libreoffice --safe-mode: itafunguka bila hizo. Ikitulia hapo, umeshapata mwenye kosa. Lakini kama programu mbalimbali zinaanguka ovyo na ujumbe huo huo, shuku RAM yenyewe. Programu ya memtest86+ inaweza kuipima.

Ukisoma «GLIBC_2.28 not found». Hapa programu haifunguki hata kidogo, juu ni mpya kuliko mfumo. GLIBC ni maktaba ambayo karibu programu zote zinaitegemea, na Ubuntu 18.04 iko na namba 2.27. Tafuta toleo la zamani la programu hiyo, ao toleo la Flatpak, ambalo linakuja na maktaba zake. Usikubali mtu abadilishe GLIBC kwa mkono: ikiharibika, mashini nzima inaweza kukataa kuwaka.

Mwishoni angalia diski kwa df -h. Ukiona 100% kwenye mstari wenye alama / peke yake, futa vitu usivyohitaji, juu programu nyingi zinashindwa kuhifadhi diski ikijaa.

Siku moja itabidi kuhamia Ubuntu mpya, kwa usalama wa mashini. Lakini uhamie kwa mpango, kazi yako ikiwa tayari kwenye flashi, si kwa haraka ya fundi. Na kabla ya kumpelekea mashini, piga picha ya ule mstari wa mwisho kwa simu. Utamwokolea muda, nawe utajua unalipia nini.