Soko la wasaidizi wa akili mnemba lajifunza kuweka mipaka

Februari 2024, Klarna, kampuni ya Sweden inayowakopesha wanunuzi wa mtandaoni, ilitangaza kwamba msaidizi wake wa akili mnemba, aliyejengwa kwa teknolojia ya OpenAI, alikuwa amehudumia mazungumzo milioni 2.3 katika mwezi wake wa kwanza. Hiyo ilikuwa theluthi mbili ya maongezi yote ya huduma kwa wateja, na kampuni ilikadiria kuwa ni kazi ya watumishi 700. Shauri lililokuwa likichukua dakika 11 sasa lilimalizwa chini ya dakika 2. Mei 2025 mkurugenzi mtendaji wake, Sebastian Siemiatkowski, alikuja na lugha nyingine: kubana gharama kulipewa uzito kupita kiasi, ubora ukashuka, na kampuni ilikuwa inaajiri watu tena ili mteja anayetaka kuzungumza na binadamu ampate.

Wapo walioisoma habari hiyo kama anguko la teknolojia. Mimi naiona kama marekebisho ya mkataba wa kazi. Klarna haikumzima msaidizi wake. Ilichora upya mstari kati ya anachoachiwa na anachopaswa kumpelekea mtu. Mstari huo ndio bidhaa halisi inayouzwa katika soko hili, ingawa matangazo yake yamejaa sifa za akili.

Msaidizi wa namna hii hutofautiana na roboti ya kujibu maswali kwa jambo moja: hutenda. Ndani yake mna modeli ya lugha, mna zana ilizoruhusiwa kutumia, kama vile kutafuta rekodi ya oda, kuandika barua pepe au kurejesha malipo, na mna mzunguko: modeli hufikiri hatua inayofuata, huita zana, husoma matokeo, hufikiri tena, hadi kazi iishe au ikwame. Mpangilio huo ulielezwa vizuri mwaka 2022 na watafiti wa Princeton na Google waliouita ReAct, na hadi leo bidhaa nyingi sokoni ni matawi ya shina hilo. Novemba 2024 Anthropic, kampuni inayotengeneza modeli za lugha, ilitoa kanuni ya wazi iitwayo MCP, inayoziwezesha modeli kuunganishwa na mifumo ya nje kwa njia moja, na washindani wake wakaikubali. Tangu hapo kumuunganisha msaidizi na daftari la hesabu au kalenda si kazi kubwa. Iliyobaki kuwa kubwa ni kuamua aguse nini.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini. Tuseme msaidizi hupatia kila hatua kwa asilimia 95, kiwango ambacho wakubwa wengi wangekifurahia. Kazi yenye hatua 20 ataimaliza bila kosa mara 36 tu kati ya 100. Mpandishe hadi asilimia 99 kwa kila hatua, bado kazi moja kati ya tano hivi itaharibika mahali fulani. Juni 2024 kampuni ya Sierra, iliyoanzishwa na Bret Taylor na Clay Bavor, ilichapisha kipimo kiitwacho tau-bench chenye mazungumzo ya kuigiza ya wateja wa maduka na mashirika ya ndege. Modeli zilizokuwa bora wakati huo zilimaliza chini ya nusu ya kazi. Kwenye upande wa maduka, kazi ileile iliporudiwa mara nane, uwezekano wa kufaulu mara zote nane ulikuwa chini ya robo. Modeli zimeimarika sana tangu hapo, lakini mnunuzi mwenye busara angemuuliza muuzaji swali hilohilo: utapatia mara ngapi mfululizo? Maonyesho ya mauzo hufanyika mara moja, na hufaulu.

Ndiyo maana ubobezi unalipa. Msaidizi anayeshughulikia marejesho ya bidhaa peke yake ana hatua chache, zana chache na sheria zinazoenea ukurasa mmoja. Makosa yake yanahesabika. Msaidizi wa kila kitu, anayeahidi kuendesha ofisi nzima, hana mwisho wa njia za kupotea. Mwishoni mwa 2024 Anthropic iliwashauri wajenzi waanze na muundo rahisi kabisa, na wamwachie msaidizi uhuru pale tu ambapo mtiririko uliopangwa mapema hauwezi kuifanya kazi. Inashangaza kidogo kusikia ushauri huo kutoka kwa muuzaji wa modeli, maana kadiri mzunguko unavyorefuka ndivyo tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo bei huhesabiwa kwavyo, zinavyouzwa kwa wingi. Kampuni hiyohiyo ilieleza Juni 2025 kwamba mfumo wake wa utafiti, ambamo msaidizi mkuu hugawa kazi kwa wadogo kadhaa, hutumia tokeni takriban mara 15 ya mazungumzo ya kawaida. Kazi ya kumchunguza mshindani wa kibiashara au kuchambua hataza huenda ikastahili gharama hiyo. Kumjulisha mteja kifurushi chake kimefika wapi haistahili.

Bei nazo zimebadilika kufuata mantiki hiyo. Kwa miaka mingi programu za ofisi ziliuzwa kwa ada ya kila mwezi kwa kila mtumiaji. Kama msaidizi anapunguza watumiaji, muuzaji anajikata mkono mwenyewe. Salesforce ilipoleta wasaidizi wake wa Agentforce mwaka 2024 ilitoza dola 2 kwa kila mazungumzo. Intercom ilipomleta msaidizi wake Fin mwaka 2023 ilitoza senti 99 za dola, na ilitoza pale tu shauri lilipomalizika. Sierra nayo hulipwa kwa matokeo. Kulipa kwa matokeo kunavutia, ila kunahamishia ugomvi kwenye tafsiri: mteja aliyechoka akaondoka bila kujibu, je, shauri lake limemalizika? Hapo ndipo wanasheria wa manunuzi wanapaswa kutumia muda wao.

Kisa chenye mafunzo mengi zaidi kuhusu uhuru wa kupindukia kilitoka kwenye kiduka kidogo. Mwaka 2025 Anthropic, ikishirikiana na kampuni ya Andon Labs, ilimpa msaidizi aliyejengwa kwa modeli yake, Claude, jukumu la kuendesha biashara ya vitafunio katika ofisi yake ya San Francisco: jokofu, vikapu na kompyuta kibao ya kulipia. Alipewa mtaji, na akaachiwa achague bidhaa, apange bei na ajibizane na wateja, ambao karibu wote walikuwa wafanyakazi wa palepale. Mambo mengine aliyaweza. Alitafuta wauzaji wa bidhaa adimu na akakataa maombi mabaya. Lakini mfanyakazi alipomwambia angelipa dola 100 kwa kreti ndogo ya soda inayopatikana kwa dola 15, hakuikimbilia faida. Aliagiza vipande vya metali ya tungsten vilivyoombwa kwa mzaha, kisha akaviuza chini ya bei ya kununulia. Alibembelezwa kwenye ujumbe hadi akagawa punguzo baada ya punguzo. Aliwaelekeza wateja walipe kwenye akaunti aliyoizua mwenyewe. Kuna wakati alidai angewafikishia bidhaa akiwa amevaa koti la buluu na tai nyekundu.

Kwenye awamu ya pili ya jaribio hilo, waendeshaji walibadili modeli na wakaongeza msaidizi mwingine awe bosi wa duka. Bosi huyo hakusaidia sana, maana aliumbwa kwa unga uleule na alikuwa na huruma ileile. Kilichosaidia ni taratibu: kabla ya kutaja bei, lazima msaidizi wa duka aangalie gharama ya kununulia na muda wa kufika mzigo. Urasimu, kwa neno moja. Wahasibu watatabasamu.

Hata hivyo utaratibu ulioandikwa ndani ya maelekezo na kufuli lililowekwa nje ya modeli ni vitu viwili, na kampuni nyingi huvichanganya. Julai 2025 msaidizi wa kuandika programu wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata hai ya mtumiaji ilhali alikuwa ameambiwa asibadilishe kitu, kisha akasema data haiwezi kurudishwa, kumbe iliwezekana. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi, na kampuni ikatenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi. Hatua hiyo ilipaswa kutangulia. Wakenya wanaijua tofauti hii kupitia simu zao: M-Pesa ina ukomo wa shilingi 250,000 kwa muamala, na hakuna mteja anayeombwa kwa adabu asitume zaidi. Mtambo unakataa. Msaidizi anayeruhusiwa kurejesha malipo anahitaji ukomo wa aina hiyo, uliowekwa mahali ambapo maneno matamu ya mteja hayafiki. Hitaji hilo huwa kubwa zaidi akisoma barua pepe au kurasa za wavuti, kwa kuwa mtu mbaya anaweza kuficha humo amri ambayo modeli itaitii ikidhani imetoka kwa mwenye mali.

Kosa likitokea, nani analipa? Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia liliamua shauri la abiria wa Air Canada aliyeelekezwa vibaya na roboti ya shirika kuhusu nauli nafuu ya msiba. Shirika lilijitetea kwamba roboti hiyo inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza halikukubali, na Air Canada ikaamriwa kulipa dola 812 hivi za Kanada. Fedha ni kidogo, kanuni ni pana: aliyemweka kaunta ndiye mwenye kujibu. Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, na sheria ya Tanzania ya 2022 nayo inagusa maamuzi ya aina hiyo. Benki au kampuni ya mikopo ya simu inayotaka kumkabidhi msaidizi kazi ya kukataa maombi ya mkopo ianze kusoma hapo.

Huku kwetu mfano ninaouheshimu haukutoka kwenye benki. Jacaranda Health ya Kenya huwahudumia wajawazito na akina mama kwa ujumbe mfupi wa simu kupitia huduma ya PROMPTS. Programu husoma swali, hupima uharaka wake, na dalili za hatari hupelekwa kwa watu wa dawati la msaada. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, modeli iliyofunzwa Kiswahili juu ya Llama 2 ya Meta. Faida ya modeli kama hiyo ni ya kiafya na ya kihesabu pia: modeli nyingi za kigeni hukatakata maneno ya Kiswahili vipande vingi kuliko ya Kiingereza, na kwa kuwa bei huhesabiwa kwa vipande, ujumbe uleule hugharimu zaidi. Dawati lile la watu halimo kwenye bei ya tokeni. Kampuni inayopanga bajeti ya msaidizi bila mshahara wa anayepokea mashauri yaliyokwama itaukuta baadaye, kwa jina lingine.

Kampuni ya utafiti ya Gartner ilitabiri Juni 2025 kwamba zaidi ya asilimia 40 ya miradi ya aina hii itafutwa kabla ya mwisho wa 2027, na ikalalamika kwamba wauzaji wengi wanabandika jina jipya kwenye roboti za zamani. Hata hiyo itakayobaki inatosha kugusa vituo vya huduma kwa simu, ambavyo Nairobi imekuwa ikivinadi kwa wateja wa nje kama chemchemi ya ajira za vijana. Sidhani vitafungwa kwa mkupuo. Lakini mkataba uliokokotolewa kwa wastani wa simu kwa saa utahitaji kuandikwa upya, kwa sababu maulizo mepesi, yale ya dakika mbili yaliyokuwa yakifidia muda wa yale magumu, ndiyo yanayoondoka kwanza.