Je, Nchi Tambarare Yaweza Kuitwa Nzuri?

Watu wengi waulizwapo juu ya uzuri wa nchi hutaja milima yenye theluji, maporomoko ya maji na misitu yenye kivuli. Ni nadra mtu kutaja nchi iliyo sawa kama sakafu, isiyo na kilima wala mti, ila majani matupu hadi upeo wa macho. Nchi ya namna hiyo hupitwa mbio, na msafiri hufurahi aonapo mwisho wake. Lakini je, hukumu hiyo ni ya haki? Mahali pafaapo kuipima ni katika zile mbuga kubwa za majani zilizo katikati ya Marekani na Kanada, ziitwazo prairi.

Hapo kale prairi ya majani marefu peke yake ilienea katika ekari zipatazo milioni 170. Mwaka 1842 Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alifika St. Louis, akatamani sana kuiona. Akapelekwa katika mbuga moja ya Illinois iitwayo Looking Glass Prairie. Baadaye aliandika katika kitabu chake cha safari ya kuwa alivunjika moyo, kwani aliona nchi tupu, yenye upweke, isiyobadilika. Hakukaa huko siku nyingi.

Mwaka 1883 msichana wa miaka tisa, Willa Cather, alihamia Nebraska pamoja na wazazi wake, wakitoka Virginia, nchi yenye vilima na miti. Yeye naye mwanzoni alihuzunika, akajiona kana kwamba amefika mwisho wa vitu vyote. Lakini hakuwa na njia ya kurudi. Akakaa, na kabla ya mwaka kwisha, kama alivyosimulia alipokuwa mtu mzima, ile nchi ya majani ilikuwa imeushika moyo wake, wala haikuuachilia tena. Habari za nchi hiyo ndizo alizoziandika katika vitabu vilivyompatia sifa, kama vile My Ántonia, kilichotoka mwaka 1918.

Basi watu wawili, wote mafundi wa kalamu, waliona nchi za namna moja, wakatoa hukumu mbili. Hapana shaka tofauti yao kubwa ni muda. Mlima hujionyesha wote mara moja, hata kwa mtu apitaye katika gari la moshi. Nchi tambarare humtaka mtu asimame na kungoja. Huko mbingu ni kubwa kuliko nchi, na mvua huonekana ikitembea mbali sana kabla tone la kwanza halijaanguka. Upepo ukivuma, majani huinama na kuinuka kama mawimbi. Maua ya mwanzo wa kiangazi si maua ya mwisho wake, na baridi ikaribiapo majani yaliyokuwa ya kijani hugeuka rangi ya shaba. Watu wa Saskatchewan, katika Kanada, wameandika juu ya vibao vya nambari za magari yao kwamba yao ni nchi ya mbingu zilizo hai.

Tena sehemu kubwa ya prairi haionekani kabisa. Majani yake marefu hupita kimo cha mtu, na mizizi yake huweza kushuka futi 10 au zaidi, ikishika udongo na kuurutubisha. Waswahili husema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Prairi ni kinyume cha mkakasi: nje ni majani tu, na mali yote imo ndani.

Yuko atakayesema kwamba huo si uzuri, bali ni mapenzi ya mtu kwa kwao. Neno hilo lina nguvu, kwa maana mazoea hupendezesha hata kibanda kibovu. Lakini na aifikiri bahari. Bahari nayo ni tambarare, haina mti wala kilima, na hakuna aulizaye kama ni nzuri. Mtu akiketi ufukoni hutazama mwanga, upepo na mawingu, wala haoni kwamba amepunjwa. Mambo hayo hayo yamo katika prairi. Mazoea hayakuyaumba, yalimfundisha Cather kuyaona.

Jambo hili si la washairi peke yao. Methali yasema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," lakini prairi ilikuwa njema isiyoweza kujiuza. Mwaka 1872 serikali ya Marekani ilitenga Yellowstone, penye milima na chemchemi za maji ya moto, ili pahifadhiwe daima. Wakati huo prairi ilikuwa ikilimwa. Tangu mwaka 1837 John Deere alikuwa amekwisha kutengeneza plau ya chuma cha pua, isiyonaswa na udongo mzito wa Illinois. Na sheria ya mwaka 1862 iliwapa walowezi ekari 160 kila mmoja. Makabila ya wenyeji yakaondolewa katika nchi yao, na nyati wa huko, waliokuwa mamilioni mengi, wakauawa hata karibu kwisha.

Mashamba yale yamelisha watu wengi, na hakuna haja ya kuwadharau waliolima. Lakini katika miaka ya 1930, ukame ulipozipata mbuga za kusini zilizopoteza majani yake, udongo ulipeperushwa angani, na tarehe 14 Aprili 1935 vumbi liligeuza mchana kuwa usiku. Leo prairi ya majani marefu iliyobaki haifiki sehemu nne katika mia. Sehemu yake kubwa imo Kansas, katika vilima vya Flint, ambako mawe yaliizuia plau. Ni mwaka 1996 tu ndipo serikali ilipotenga huko ekari karibu 11,000, yaani miaka 124 baada ya Yellowstone. Mawe yalikuwa yameilinda prairi muda mrefu kabla ya sheria.

Huko Madison, watu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walianza mwaka 1935 kupanda tena majani ya prairi katika shamba la zamani. Mkulima mwenye plau aliweza kuyafuta kwa majira machache. Wao wamefanya kazi kwa zaidi ya miaka 80, na kazi haijakwisha. Hiyo ndiyo gharama ya kutazama nchi mara moja tu na kusema kwamba haina kitu.