Swila na Shabaha Yake

Msomaji wetu mmoja wa Malindi ametuandikia barua akiuliza mambo mawili: kwanza, kama ni kweli kwamba swila huipuliza sumu yake kwa nguvu ya pumzi, kama wasemavyo wazee wa kwao, na pili, nyoka huyo asiye na mkono wala upinde ameyajuaje macho ya mbwa wake, hata akayapata yote mawili katika giza la magharibi, ilhali mbwa alikuwa akirukaruka na kubweka wala hakutulia hata kidogo.

Viumbe warushao vitu ni wengi. Iko kuvu ndogo iotayo juu ya samadi, wataalamu huiita Pilobolus, ambayo hufyatua spora zake zikaenda mita mbili na kuangukia majani mabichi. Liko tango mwitu la nchi za Mediterania ambalo hupasuka likiiva, likatapika mbegu pamoja na maji yake. Na yuko samaki wa mikoko ya Asia ambaye huwaangusha wadudu kutoka majanini kwa mchirizi wa maji utokao kinywani mwake. Kila mmoja wa hawa anastahili makala yake. Lakini kuvu na tango hurusha bila kuona, na yule samaki aghalabu humlenga mdudu aliyetulia. Swila hulenga uso wenye hasira unaokwenda huku na huku, na kwa sababu hiyo nampa yeye nafasi yote iliyobaki.

Tena ana haki kwetu, maana mkubwa wa jamii yake ni wa nchi zetu. Kwa miaka mingi swila mnene wa rangi ya kahawia, akaaye katika nyika za mashariki na kaskazini ya Kenya, alihesabiwa kuwa ni swila shingo-nyeusi tu aliyebadilika rangi, hata mwaka 2007 Wolfgang Wüster na Donald Broadley walipothibitisha kwamba ni jamii mbali, wakamwita Naja ashei kwa heshima ya marehemu James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu. Urefu wake huweza kufika mita 2.7, na hapana swila mwingine atemaye sumu duniani ampitaye kwa ukubwa.

Jawabu la swali la kwanza ni kwamba pumzi haina kazi yoyote katika jambo hili. Fuko la sumu limekaa nyuma ya jicho, kila upande na lake, nalo limekumbatiwa na msuli wa taya. Msuli huo ukijikaza ghafula, fuko hubanwa na sumu hukimbilia mfereji uendao kwenye chonge. Hapo ndipo penye jambo ambalo, kila nilisomapo, hunifanya niweke kitabu chini nitafakari. Chonge ya swila haikai wazi, bali imevikwa ala ya nyama laini, na mikunjo ya ala hiyo huziba njia baina ya mfereji na tundu la chonge ili sumu isipotee bure. Nyoka aumapo, ngozi ya kiumbe aliyeumwa ndiyo iisukumayo ala juu, njia ikafunguka. Kwa hiyo nyoka aumaye hana haja ya kufungua mlango, mawindo yake humfungulia. Swila atemaye hana ngozi ya kumsaidia, kwa kuwa adui yake yu mbali, mita mbili labda, na baina yao pana hewa tupu. Basi hufungua mwenyewe: huikaza misuli ya kaakaa, mifupa ya kaakaa ikasogea, ala ikavutwa ikainuka juu ya chonge, na wakati ule ule msuli wa taya ukalibana fuko. Misuli iliyokuwa ya kumeza na msuli uliokuwa wa kuuma imepatanishwa kwa nukta moja, ikafanya kazi ya tatu ambayo si kumeza wala kuuma.

Na chonge yenyewe imebadilika. Kwa fira asiyetema, tundu la sumu ni mwanya mrefu unaoelekea chini. Kwa swila ni tundu dogo la mviringo linalotazama mbele, na mfereji wa ndani hupinda karibu pembe mraba kabla ya kulifikia, hata sumu iliyokuwa ikishuka hugeuzwa ikachupa mbele kwa kasi.

Swali la pili lilisumbua wataalamu zaidi. Guido Westhoff wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, na Bruce Young wa Marekani, pamoja na wenzao, walilifanyia majaribio ya kijasiri: mtu alivaa kinga ya uso iliyo angavu, akasimama mbele ya swila akimchokoza, na juu ya kinga hiyo walifunga vyombo vidogo vya kupimia mwendo wa kichwa chake. Ikadhihirika kwamba swila hatemei mkono, hata ukitikiswa mbele yake, hutemea uso. Wala hatemei uso uliotulia. Hungoja mtikisiko wa ghafula, kichwa kinapobadili mwendo, na tangu mtikisiko huo hata sumu kutoka hupita takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Katika muda huo uso umekwisha hama. Lau swila angetema pale alipouona, sumu yake ingepita patupu. Lakini kichwa chake nacho kinakwenda, kikielekea pale uso utakapokuwa.

Mvuvi wa kimia ajua habari hii. Asimamapo majini hata mapajani, kimia kikiwa begani na kamba yake mkononi, akaona dagaa wakimeta, hatupi juu yao. Akifanya hivyo, kabla risasi za ukingoni hazijagusa maji dagaa watakuwa wamekwenda zao. Hungoja kundi ligeuke, maana likigeuka ndipo ajuapo njia yake mpya, kisha hutupa mbele, mahali ambapo kwa wakati ule hapana samaki hata mmoja, na samaki wenyewe huja kuingia. Wala hakitupi kimia kikiwa furushi. Hukizungusha kwa kiuno na kifundo cha mkono, kikafunguka hewani kikawa duara pana, na upana huo humsamehe makosa madogo ya hesabu, kwa kuwa dagaa aliyepotoka shubiri mbili bado ataangukiwa. Mvuvi hodari basi ana mambo mawili, kutangulia na kutandaza, na moja bila ya jingine halimpi kitoweo. Swila anayo yote mawili. Sumu yake hutoka kwa takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde tu, na katika muda huo mfupi hukitikisa na kukizungusha kichwa, hivi kwamba michirizi ya chonge mbili haitui mahali pamoja, bali huchora mistari na mapindi juu ya uso mzima. Popote macho yalipo, pana tone lipitalo. Katika majaribio ya Bonn, kwa umbali wa sentimita 60, swila shingo-nyeusi walipata angalau jicho moja kila mara, na swila wekundu mara nane katika kumi. Nyoka hao walikuwa wachache na wa kufugwa, lakini habari za wakulima na wafugaji zinaafikiana nao.

Tendo hili la kuelekeza silaha mbele ya kitu kiendacho lataka jina katika Kiswahili cha elimu, nami napendekeza “shabaha tangulizi”, ambalo wapiga mpira na wawindaji wa ndege watalifahamu bila ya kamusi.

Mwaka 2021 jopo la wataalamu, wakiwamo wa Chuo cha Tiba ya Maradhi ya Joto cha Liverpool, lilieleza kwamba kutema kulizuka mara tatu mbalimbali: kwa swila wa Afrika, kwa wale wa Asia, na kwa nyoka aitwaye rinkhals wa kusini mwa Afrika. Mara zote tatu sumu ilielekea njia moja: kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi kiliongezeka na kuzidisha ukali wa sumu nyingine itobayo seli, na matokeo yake ni maumivu ya papo hapo. Silaha hii basi ni ya kufukuza, si ya kuwinda, na wataalamu hao wanadhani kwamba waliofukuzwa ni pamoja na wahenga wa wanadamu, waliosimama wima na kushika fimbo.

Kwa ndugu yetu wa Malindi na kila aishiye penye swila: sumu iliyoangukia ngozi isiyo na jeraha kwa kawaida haidhuru, lakini iliyoingia jichoni, kwa mtu au kwa mbwa, sharti ioshwe mara moja kwa maji safi mengi, na pasipo maji, maziwa yafaa. Usifikiche jicho, usitie tumbaku wala dawa ya majani, na ukimaliza kuosha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kidonda cha jicho kikiachwa huweza kuleta upofu.