Magoma Huzaa Kamba, Mbona Mizigo Yetu Haifungwi?

Ukitoka Korogwe mjini ukaishika njia ya bonde la Lwengera, milima ya Usambara Magharibi ikiwa mkono wako wa kushoto na ile ya Usambara Mashariki ikijitokeza mkono wa kulia, hatimaye utafika Magoma. Hapo huna haja ya kumwuliza mtu wenyeji wanaishi kwa kazi gani. Mkonge umesimama kwa mistari kama askari kwenye gwaride, na barabara ya vumbi inapita katikati yake.

Nilikwenda huko kuandika habari za mkonge. Nilirudi na habari za tela.

Asubuhi ile trekta lilikuwa likitoka shambani kuelekea korona, yaani mtambo wa kusagia majani ili kutoa nyuzi. Nyuma yake lilivuta tela lililojazwa matita ya majani mabichi hadi kupita mbao za ubavuni. Juu ya matita walikaa vijana watatu, na mmoja wao alikuwa amelala kifudifudi kama aliye kitandani kwake. Gurudumu liliingia shimoni, tela likayumba, na matita mawili yakaporomoka mbele ya mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Mama aliruka pembeni, maji yakammwagikia. Vijana walicheka, naye pia akacheka, kama tuchekavyo sote ajali inapotukosa. Dereva hakugeuza shingo. Kwa kishindo cha injini yake hakujua kwamba lolote limetokea.

Nililitazama tela lile likitokomea. Halikuwa na kamba hata moja.

Hapo ndipo ajabu yenyewe ilipo. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na miche iliyosalimika katika safari ile ndefu ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo mkoa wa Tanga ulijipatia jina duniani, na kamba zilizosokotwa kwa nyuzi zake zimefunga meli bandarini na marobota ya nyasi katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Lakini mzigo utokao Magoma kwenda korona, mwendo wa kilomita chache, husafiri bila kufungwa. Hata seremala, wasemavyo, nyumbani kwake hakuna kiti cha kukalia!

Haifai kuwahukumu watu wa Magoma kwa haraka. Jani la mkonge likishakatwa halina subira. Hunyauka juani, na nyuzi zake huwa ngumu kutoka. Kwa hiyo husagwa upesi, yamkini siku ile ile au ya pili yake. Tena katika kila tani moja ya majani hupatikana kilo zipatazo 40 tu za nyuzi. Zinazobaki ni maji na makapi. Anayesafirisha mkonge, kwa hiyo, anasafirisha maji kwa wingi, na kila safari iliyo nusu huiona ni hasara. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya mwisho ya 1990 wakulima wadogo wamekuwa na sehemu zao katika mashamba kadhaa ya Korogwe, Magoma ikiwa mojawapo. Tita linaloanguka njiani si mali ya bwana fulani aliye mbali. Ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Zamani mashamba mengi ya Tanga yalibeba majani kwa vigari vidogo vya reli. Leo ni trekta na lori, na barabara ni ya wote.

Kosa letu kubwa ni kuamini kwamba kitu kizito hakiondoki mahali pake. Utasikia utingo akisema kwamba mzigo huu ni mzito mno, utakwenda wapi? Laiti ingekuwa hivyo! Gari linapofunga breki, kinachosimamishwa na breki ni gari. Mzigo haujaambiwa kitu. Unaendelea na mwendo uliokuwa nao, na kadiri ulivyo mzito ndivyo unavyokuwa mgumu kuzuilika. Wataalamu wa Ulaya wamekubaliana kwamba kifungio kinachozuia mzigo usiende mbele kiweze kuhimili nguvu iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wake. Kwa upande wa nyuma na wa ubavuni ni asilimia 50. Maana yake, gunia la kilo 100 nyuma ya kiti cha dereva linaweza kumsukuma kwa nguvu ya kilo 80 pale anapokanyaga breki kwa ghafla kumkwepa mtoto. Wewe zidisha kwa magunia 50.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 30 kwa saa kufikia 60, nguvu iliyomo katika mzigo haizidi mara mbili, bali mara nne.

Kazi ya kamba, basi, si kuuzuia mzigo usiruke tu. Kamba inayopita juu ya mzigo na kukazwa pande zote mbili huugandamiza chini, na mgandamizo huo ndio unaoongeza msuguano kati ya mzigo na sakafu ya gari. Majani mabichi ya mkonge yanateleza, na mbao zilizonyeshewa zinateleza zaidi. Vitu hivi vinahitaji kukazwa kuliko magunia ya mahindi. Magogo hayatoshelezwi na kamba moja ya katikati. Yafaa yafungwe mahali pawili kwa uchache, na ubavuni zisimame nguzo za chuma zinazoyazidi kimo.

Kamba yenyewe lazima ijulikane tabia. Kamba ya mkonge yenye unene wa milimita 12, ikiwa mpya na kavu, hukatika inapovutwa kwa uzito unaokaribia tani moja. Hiyo ni nguvu ya kukatika, wala si nguvu ya kufanyia kazi. Mafundi huipa sehemu moja ya tano tu, au pungufu ya hapo. Ukiipiga fundo umeipunguzia nguvu karibu nusu. Ukiiacha ilowe na kukaa imelowa, inaoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Mtu anayeijua hufunua nyuzi zake kwa kidole na kutazama ndani: akikuta vumbi la kahawia, huikata vipande ikafungie mbuzi.

Sasa natugeukie tela, kwa kuwa tela lina ukaidi wake mwenyewe. Katika tambarare linafuata kama punda mwema. Kwenye mteremko linageuka bwana: halivutwi tena, linasukuma. Matela mengi ya shambani hayana breki, na trekta jepesi lililobeba mgongoni tani kadhaa huweza kusukumwa ubavuni hadi tela na trekta zikunjane kama kisu cha mfukoni. Ndiyo maana dereva mzoefu huchagua gia ndogo kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini ishike uzito. Akichelewa, gia haiingii tena, na hapo ameachwa na breki peke yake.

Na breki za trekta? Zina kanyagio mbili, moja ya gurudumu la kulia na nyingine ya la kushoto, ili shambani mtu aweze kukata kona fupi. Kati yake kuna kikomeo kidogo cha kuziunganisha. Katika barabara kuu kikomeo hicho kisipofungwa, mguu ukakanyaga upande mmoja tu, trekta litazunguka hapo hapo na tela litalipanda. Kipande cha chuma kisichozidi kiganja!

Kuna pini pia. Inayounganisha trekta na tela nimeiona imeshikiliwa kwa msumari uliopindwa, na mahali pengine kwa kipande cha ubao. Pini inahitaji kishikizo chake, na pamoja nayo mnyororo wa akiba uliopishana chini ya mkono wa tela, ili pini ikitoka tela lisiondoke kwenda linakotaka. Wala mkono huo haufungwi juu ya ekseli ya nyuma ya trekta eti upandapo mlima upate nguvu. Ukifungwa juu, trekta huinua pua likapinduka kinyumenyume, na dereva ndiye anayebaki chini.

Namna ya kupakia ina sheria moja ambayo akina mama wabebao kuni wanaijua pasipo kufundishwa, kwamba mzigo mzito ukae karibu na mbebaji. Kwenye tela la ekseli moja, asilimia 60 hivi ya uzito iwe mbele ya ekseli. Ukirundika nyuma, tela linatikisa mkia. Na likishaanza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa hofu wala asipigane na usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani imara, aliache lipoe lenyewe.

Kutoka Magoma nilizunguka kwa njia ya Korogwe na Mombo nikapanda Lushoto, kwa sababu niliambiwa kwamba anayetaka kuujua uzito wa mzigo aende akautazame ukishuka. Barabara ile kutoka Mombo hupita Soni ikijinyonganyonga kando ya maporomoko, na mwendo wake ni wa kilomita zipatazo 33. Ndani ya mwendo huo unapanda takriban mita 1,000. Kila siku yanateremka malori ya kabichi, viazi, karoti, matunda na mbao, mengi yakielekea Dar es Salaam.

Nilifanya hesabu nikiwa nimekaa juu ya jiwe pale Soni. Lori la tani 20 linaposhuka mita 1,000, nguvu inayoachiliwa ingetosha kuchemsha maji baridi karibu mapipa matatu ya lita 200. Upepo na matairi vinachukua sehemu yake, injini iliyo katika gia ndogo inachukua sehemu kubwa. Lakini dereva aliyeachia gia ili aokoe mafuta, sehemu iliyobaki ataipeleka wapi? Yote inaingia katika ngoma za breki. Ngoma zikishakuwa moto kupita kiasi, kanyagio inashuka mpaka chini na lori halipunguzi mwendo. Harufu ile ya breki zinazoungua, wakazi wa Mombo wanaifahamu vizuri.

Juu ya uzito huo tunaongeza lumbesa. Gunia lililovikwa kilemba cha wavu na majani humwibia mkulima, na sheria za vipimo zinalikataza. Hayo yamesemwa mara nyingi. Lisilosemwa ni kwamba linaliibia lori pia, maana gunia la mviringo halikai sawa juu ya mwenzake, na kila kilemba huinua kitovu cha uzito karibu zaidi na mawingu. Konani lori hilo huegemea nje.

Wazee wa zamani waliiogopa miteremko hii, nami siwacheki. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Wilkins & Wiese ilipovuna mierezi ya Shume, haikuthubutu kuishusha kwa magari. Ilijenga njia ya nyaya za angani kutoka Neu Hornow hadi stesheni ya Mkumbara, mbao zikashuka zikining'inia juu ya miamba. Na kama kuna anayedhani kwamba mlima hauwezi kushinda chuma, akumbuke Igandu, mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002: treni ya abiria ilishindwa kushikwa na breki, ikarudi nyuma mteremkoni na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walifariki.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na ipo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Mizani za barabarani zinafanya kazi yake. Lakini mizani hupima uzito, haipimi fundo.

Wewe unayesoma haya mjini pengine unasema moyoni kwamba trekta na tela havikuhusu. Je, ulipohama chumba mara ya mwisho ulibebaje vyombo? Mimi nilikodi kirikuu. Kabati lilisimamishwa wima, godoro likawekwa juu, na juu ya godoro akapandishwa mpwa wangu wa miaka 11 ili aligandamize lisipeperuke. Ndiye aliyekuwa kamba yetu! Kwenye tuta la kwanza kabati liliinama, kioo kikavunjika, na mtoto akaning'inia ubavuni akiwa ameshika ukingo wa bodi kwa mkono mmoja. Hakuumia. Lawama sikumpa dereva, kwa maana kamba ya katani ya shilingi chache niliikataa mwenyewe dukani, nikaiona ni gharama isiyo na kazi.

Tangu siku hiyo sipendi kumwona mtu juu ya mzigo. Aliyekaa juu ya matita hana cha kushika isipokuwa kitu ambacho nacho hakijashikwa. Aliyedandia mkono wa tela, kati ya trekta na gurudumu, akiteleza anaangukia mahali ambapo gurudumu linafika kabla sauti yake haijafika kwa dereva. Na mara nyingi huyo ni kibarua anayerudi nyumbani, ambaye hana usafiri mwingine. Mwenye kazi anayetoa tela la majani angeweza kutoa pia gari la watu, japo kwa zamu.

Jioni nilirejea Magoma kuchukua mfuko wangu. Trekta jingine lilikuwa limesimama kando ya njia, umbali wa kilomita mbili hivi kutoka lilikopakilia. Nilidhani limeharibika. Dereva, mzee mwenye kofia ya kiua, alikuwa akizunguka tela na kijana wake, wakivuta kamba moja baada ya nyingine, zilikuwa nne. Nilimwamkia na kumwuliza kulikoni. Alinieleza kwamba mzigo ukitoka shambani hutulia baada ya mtikisiko wa kwanza, na kamba iliyokazwa pale huwa imelegea hapa, kwa hiyo yeye husimama mahali hapa kila safari. Aliitikisa pini kwa mguu, akafunga kitambaa chekundu kwenye majani yaliyochomoza nyuma, akapanda. Vibarua wawili waliokuwa wakingoja lifti wakamtazama. Aliwatikisia kichwa kwamba haiwezekani, akatia gia, nao wakaanza kutembea nyuma ya tela wakinung'unika.

Nami nilitembea nao.