Marundo mawili, foleni moja: Swali la kazi linaloangusha wengi

Ukiitwa kwa mahojiano ya kazi ya kuandika programu, usishangae ukiulizwa hivi: “Una marundo mawili tu. Tengeneza foleni.” Wengi huganda papo hapo. Wamekariri amri za kompyuta, ila hawajawahi kujiuliza data inakaa vipi.

Tuanzie kibandani. Sahani zilizooshwa hupangwa moja juu ya nyingine, na iliyowekwa mwisho ndiyo huchukuliwa kwanza. Hilo ni rundo. Maprogramu huliita staki. Sasa nenda steji ya matatu. Aliyefika kwanza ndiye hupanda kwanza. Hiyo ni foleni.

Unaona shida? Rundo hupindua mpangilio, na foleni haitaki kupinduliwa. Lakini ukipindua kitu mara mbili, si kinarudi kilivyokuwa? Siri yote iko hapo.

Chukua vipande vitatu vya karatasi, uviandike 1, 2 na 3. Viweke kwa rundo la kuingilia kwa mpangilio huo. Juu iko 3. Sasa hamisha kimoja kimoja hadi rundo la kutokea. Ya 3 inatangulia, halafu 2, halafu 1. Juu sasa iko 1, yule aliyefika kwanza. Mtoe. Foleni ndiyo hiyo!

Ngoja kidogo, maana hapa ndipo wengi huchemsha. Akija 4, mweke kwa rundo la kuingilia na umwache huko. Usimhamishe kabla rundo la kutokea halijaisha kabisa. Ukiharakisha, 4 atakaa juu ya 2 na kumruka. Hata kwa steji, hapo kungekuwa na vita.

Kosa lingine ni kurudisha vitu kwa rundo la kwanza kila unapotoa kimoja. Jibu litakuwa sahihi, lakini piga hesabu. Kwa vitu 1,000 vilivyokwisha kuingia, utahamisha mara 1,000,000 hadi uvimalize. Ukisubiri rundo la kutokea liishe, utahamisha mara 1,000 pekee.

Tofauti hiyo ndiyo anayekuhoji anataka kuisikia ukiieleza. Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kufungua kompyuta, fanya zoezi hili kwa karatasi mezani. Mkono ukishaelewa, kuandika programu yenyewe ni mistari michache tu.