Dinosaria wa Saruji: Kutengeneza Sanamu Bila Kufuta Historia ya Sayansi

Kusini mwa jiji la London, katika bustani ya umma iitwayo Crystal Palace, wamesimama kando ya ziwa wanyama wapatao 30, ambao wengi wao hakuna binadamu aliyepata kuwaona hai. Ni sanamu za viumbe wa kale, zilizobuniwa na msanii Benjamin Waterhouse Hawkins (1807–1894), naye akazijenga kwa mikono pamoja na mafundi wake papo hapo bustanini. Umma uliruhusiwa kuzitazama kuanzia mwezi Juni 1854. Miongoni mwake zimo sanamu za kwanza duniani za dinosaria zenye ukubwa wa mnyama mwenyewe. Wakati huo jina hilo la dinosaria lilikuwa na umri wa miaka 12 tu, kwani lilitungwa na mwanasayansi Richard Owen mwaka 1842.

Sanamu hizi sasa zina nyufa. Mwezi Mei 2020 sehemu ya mdomo wa Megalosaurus ilianguka, na mwaka huo huo sanamu zote zikatiwa katika orodha ya urithi wa Uingereza ulio hatarini. Wanaozitengeneza wanakabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni la kikemia: kwa nini saruji hupasuka? La pili ni gumu zaidi: je, sanamu iliyojengwa kwa kufuata elimu yenye kosa, itengenezwe pamoja na kosa lake?

Mnyama aliyejengwa kama nyumba

Hawkins hakuchonga jiwe. Alianza kwa kufinyanga vielelezo vidogo akiongozwa na maelezo ya Owen, kisha akafinyanga mnyama mzima kwa udongo, na kutokana na udongo huo akatoa kalibu. Kalibu ya Iguanodon ilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 31 Desemba 1853 wageni wapatao 20 walikula humo karamu ya usiku.

Mwaka 1854 Hawkins alieleza hadharani vifaa alivyotumia kumjenga Iguanodon mmoja: nguzo 4 za chuma zenye urefu wa meta 2.7 hivi kila moja, matofali 600, vigae 650 vya nusu duara, vigae 900 vya kawaida, mapipa 38 ya saruji na mapipa 90 ya mawe yaliyopondwa, pamoja na vyuma vyembamba vya kufungia. Yeye mwenyewe aliilinganisha kazi hiyo na kujenga nyumba juu ya nguzo nne. Ulinganisho huo ni wa kweli hata leo, maana maradhi yaliyozipata sanamu hizi ndiyo maradhi yanayozipata nyumba.

Adui aliyemo ndani

Saruji inapochanganywa na maji hutokea, pamoja na vitu vingine, haidroksaidi ya kalisi, ambayo ni alkali kali. Katika hali hiyo ya alkali, yenye pH ya 12 hadi 13, chuma hujifunika utando mwembamba sana wa oksaidi unaokizuia kuendelea kushika kutu. Kwa hiyo saruji iliyo nzima hukikinga chuma kilichomo ndani yake.

Lakini hewa ya kaboni dayoksaidi hupenya polepole katika vitundu vya saruji na kuigeuza ile haidroksaidi kuwa kaboneti ya kalisi. Miaka inapopita, pH hushuka chini ya 9, nao utando wa kinga huharibika. Hapo maji na oksijeni hupata njia. Kutu inayotokea huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichokuwapo. Na kwa kuwa haina mahali pa kutanukia, husukuma saruji mpaka ipasuke. Ufa huingiza maji zaidi, maji huzidisha kutu, na kutu hupanua ufa.

Katika nchi za baridi kuna adui wa pili. Maji yaliyomo ndani ya ufa yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Mizizi ya mimea nayo hujipenyeza, na ardhi ya visiwa inayosogea kwa kulowana na kukauka huweza kuzivuta nguzo zisikae sawa.

Kazi ya mtengenezaji

Fundi mwenye haraka angeziba nyufa kwa saruji mpya, apake rangi, aende zake. Baada ya miaka michache ufa ungerudi, kwani kutu ingali ndani. Mtengenezaji mwenye elimu huanza kwa kupiga picha, kupima na kuchora kila ufa, ili ajue upi umetulia na upi unaendelea kukua. Kisha hutafuta njia ya maji, huondoa mimea, husafisha kutu, na mahali chuma kilipokwisha huweka chuma kisichoshika kutu. Mwisho ndipo huziba, tena kwa mchanganyiko usio mgumu kuliko ule wa zamani.

Kanuni hii inafahamika vizuri pwani ya Afrika Mashariki. Kuta za kale za matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Kilwa Kisiwani, hupitisha unyevu. Zikipigwa lipu ya saruji ngumu, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na ukuta wenyewe huanza kumung'unyika. Dawa isiyolingana na mgonjwa huwa ugonjwa mwingine.

Kwa Megalosaurus, mwaka 2021 ulitengenezwa mdomo mpya mwepesi kwa kufuata umbo la ule wa zamani, ili shingo isilemewe. Mwaka 2023 sanamu moja ya Palaeotherium iliyokuwa imepotea ilisanifiwa upya.

Je, kosa lisahihishwe?

Iguanodon wa Hawkins ana pembe puani. Mwaka 1878 wachimbaji wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, walikuta mifupa mingi ya mnyama huyo, mingine ikiwa imeungana kama ilivyokuwa katika uhai. Ikadhihirika kwamba ile "pembe" ni mfupa wa kidole gumba. Megalosaurus naye, ambaye bustanini anakanyaga kwa miguu minne, alitembea kwa miwili.

Huenda mwanafunzi akauliza kwa nini pembe isikatwe. Jibu litapatikana kwa kuitazama mifupa ya Tendaguru, mkoani Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Kiunzi cha mnyama yule mkubwa, ambaye sasa huitwa Giraffatitan, kilisimamishwa huko mwaka 1937. Kikapangwa upya kati ya 2005 na 2007, miguu ya mbele ikanyooshwa kulingana na elimu mpya. Marekebisho hayo yalikuwa halali, kwa sababu mifupa ni ushahidi juu ya mnyama. Lakini sanamu ya Hawkins ni ushahidi juu ya fikra za binadamu mwaka 1854. Kuikata pembe hakungemfanya Iguanodon kuwa wa kweli zaidi. Kungefuta tu hatua moja ya safari ya sayansi. Hawkins alijua uchungu wa kufutwa: sanamu alizokuwa akizitayarisha kwa ajili ya New York zilivunjwavunjwa mwaka 1871, wala hazikupata kuonyeshwa.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuonyesha kiini cha jambo hili kwa vifaa rahisi. Chukua misumari mitatu ya chuma isiyopakwa madini mengine, uisugue kwa msasa. Mmoja utie katika maji ya kawaida, wa pili katika maji ya chumvi, wa tatu katika maji ya chokaa yaliyochujwa, ndani ya chupa iliyofunikwa. Acha kwa wiki moja. Angalia msumari upi umebaki ukimeta, kisha waulize wanafunzi nini kitatokea chupa ya tatu ikiachwa wazi mpaka hewa iigeuze chokaa yote. Tahadhari: maji ya chokaa huunguza macho na ngozi, yashikwe na mwalimu.